Orodha ya Watoro wa Dawa

4 Novemba

Abdulwahab, mtoto wa kaka yangu, amekubali kunisaidia kwa simu kutoka Mwanza kwa sharti moja: niandike kila ninachofanya kwenye mashine mpya, ili nikiharibu tujue nilipoharibia. Daftari jipya sina. Nimechukua rejista ya wajawazito ya mwaka juzi iliyobaki na kurasa tupu, nikaanzia nyuma. Atakayesoma asishangae safu ya "mimba ya ngapi".

Mashine zenyewe ni kompyuta mbili za mkononi, msaada wa parokia fulani ya ng'ambo kwa zahanati yetu. Hazina Windows, zina Linux. Sista Bernadina, mkuu wetu wa zahanati, alinieleza kwa furaha kwamba Linux ni ya bure na haishikwi na virusi. Nikamjibu kuwa hata programu yangu ya zahanati, iliyoandikwa kwa Windows, haitaishika. Akadhani natania.

6 Novemba, Jumatano

Jumatano ni siku ya dawa za kifua kikuu. Kila mgonjwa anachukua za wiki moja, kwa miezi sita. Jioni programu yangu, niliyoiandika mwenyewe miaka tisa iliyopita kwa Visual Basic ya zamani, inatoa orodha ya wasiokuja. Tunaiita orodha ya watoro. Alhamisi asubuhi Masudi, mhudumu wetu wa jamii, anaichukua na kupanda pikipiki kuwatafuta kwenye mashimo ya dhahabu. Hiyo ndiyo kazi yetu yote, mengine ni mbwembwe. Mchimbaji akiacha dawa katikati, ugonjwa unarudi ukiwa sugu, naye analala na wenzake sita kwenye turubai moja.

Leo mashine ya zamani imezima mara tatu kabla ya kutoa orodha. Watoro kumi na tatu.

Fundi wa Ushirombo aliifungua wiki jana, akaifunga bila kugusa kitu. Alisema niiombee. Mvua zikianza mashimo yanajaa maji, wachimbaji wanatawanyika, wengine wanahamia mashimo ya juu, wengine wanarudi kwao kulima. Ndio msimu ambao watoro huongezeka mara mbili. Nina wiki chache za kuandika programu upya kwenye mashine nisiyoijua, nina miaka arobaini na sita, na macho yameanza kunidai miwani.

9 Novemba

Nimekaa na kalamu kuchagua zana.

Ya kwanza inafanana na ile niliyoizoea na ingehamisha programu karibu yote, ila leseni yake ni ya dola na ya kila mwaka. Nimeifuta kabla Sista hajaiona. Ya pili inaitwa Gambas, ni ya bure, imetengenezwa kwa ajili ya Linux, na nilipoona picha za madirisha yake nilijisikia niko nyumbani. Lakini vitabu vyake vichache, na wa kumuuliza simwoni. Ya tatu ni Python, ambayo Abdulwahab anaitaja kama watu wanavyotaja timu yao. Ya bure pia. Vitabu tele.

Nilimwambia napenda ya pili. Akauliza nikikwama saa nne usiku nitamwuliza nani. Nikasema wewe. Akasema, "Shangazi, mimi hiyo siijui."

Basi ni Python. Nimechagua lugha kwa kuangalia nani atapokea simu.

12 Novemba

Umeme hakuna. Bando limeisha nikiwa nimefikia nusu ya somo la kwanza.

20 Novemba, Jumatano

Kitabu kimefika stendi ya Ushirombo na basi la Mwanza. Kurasa mia saba, mkono wa pili, mgongo umebandikwa gundi. Abdulwahab alipendekeza nisome mtandaoni tu, ila yeye anaishi penye mtandao. Kitabu hakiombi bando. Tena kina mfano mmoja unaoanza mwanzo hadi mwisho, wa duka la vifaa vya ujenzi na wateja wake: nani alinunua, lini, nani hajarudi siku nyingi. Nilipoufikia ukurasa huo nilifurahi peke yangu kama mwehu. Mteja asiyerudi dukani na mgonjwa asiyerudi kwa dawa, kwa kompyuta ni mtu yuleyule.

Watoro kumi na wanane. Mashine ya zamani imezima mara tano.

23 Novemba

Mfano wa kwanza kabisa wa kitabu, wa kuiambia mashine iandike "habari" kwenye kioo, umekataa. Nimeurudia hadi nikahisi machozi. Kumbe kitabu ni cha toleo la zamani la Python, siku hizi amri ya kuandika lazima uiwekee mabano. Abdulwahab alicheka mpaka akaomba radhi. Sasa nasoma nikiwa na penseli, nikikuta amri hiyo naiwekea mabano kwenye ukurasa wenyewe.

27 Novemba, Jumatano

Nimegundua kwamba mashine ina vitabu vyake ndani. Unaandika "man", nafasi, kisha jina la amri, na maelezo yote yanafunguka bila bando wala senti. Nimekaa wiki tatu nikinunua bando kusoma vitu nilivyokuwa navyo mapajani. Maelezo yenyewe yameandikwa na mtu asiyependa kuulizwa mara mbili, lakini yapo.

1 Desemba

Mvua ya kwanza kubwa. Udongo mweusi umeshanasa lori la mchele mbele ya zahanati. Masudi alirudi anasukuma pikipiki, matope mpaka kwenye mkanda. Alinisalimia "Mwadila, Mama Zakia", nami niliitikia bila kuinua macho. Nilikuwa mstari wa mia mbili wa programu.

8 Desemba

Leo nimemaliza swali lililonisumbua wiki nzima: mashine itamtambuaje mtu?

Zamani nilitumia namba ya kadi. Ni balaa. Kadi inalowa shimoni, mchimbaji anapewa mpya yenye namba mpya, basi mtu mmoja anakuwa wawili, wakati mwingine watatu. Masudi anatumwa kumtafuta mtu aliyechukua dawa jana yake, anarudi amenuna, na haki yake. Majina ndiyo usiseme. Shimoni mtu anaitwa Mzee wa Kazi, kwa mpishi anaitwa jina la kwao, kwetu anatoa la ubatizo.

Kitabu, ukurasa wa 412, kinamtambua mteja kwa namba ya simu. Kila mteja ana yake, haibadiliki hovyo. Mteja akija, programu inatafuta namba. Ikiikuta, inaandika jina alilotaja leo na tarehe ya leo juu ya zile za zamani. Isipoikuta, inafungua mteja mpya. Mistari tisa tu. Kadi zetu zote zina namba ya simu. Nimeinakili kama ilivyo, nikabadilisha "mteja" kuwa "mgonjwa".

Nalala mapema leo, mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi.

18 Desemba, Jumatano

Mashine mpya imetoa orodha yake ya kwanza. Kwenye mashine ya zamani tulikuwa na wagonjwa 214. Nilipowahamishia mpya wamekuwa 163. Wale hamsini na mmoja ni kadi zilizojirudia, kama nilivyodhani siku zote. Sista aliita wauguzi wote waje waone. Nilisimama pale nikiwa na miwani ya kuazima, na naandika bila aibu kwamba nilijivuna.

Watoro tisa. Mashine ya zamani imekufa mchana huohuo, ikiwa imestaafu kwa heshima. Kumbukumbu zake nilizinakili kwenye flashi.

25 Desemba

Sikukuu yao. Sista kanitumia sahani ya pilau.

8 Januari, Jumatano

Watoro watano. Mvua siku ya nne.

Masudi aliisoma orodha, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. "Mama Zakia," akasema, "mvua hii, watoro watano?"

Nikamwambia huenda sasa watu wanaelewa umuhimu wa dawa. Akakunja karatasi, akaenda. Sikupenda namna alivyoikunja.

15 Januari, Jumatano

Wanne.

22 Januari, Jumatano

Watano. Paa linavuja juu ya printa, nimeihamishia chini ya meza. Naipigia magoti kila wiki.

31 Januari

Sista ametuma ripoti ya robo mwaka. Ameandika kwamba utoro umepungua kwa zaidi ya nusu tangu tupate "mfumo wa kisasa", na ametaja jina langu. Amenipa nakala. Nimeiweka ndani ya kitabu, ukurasa wa 412, kwa kuwa ndio ninaoufungua zaidi.

12 Februari, Jumatano

Tumegombana na Masudi. Anataka orodha ndefu. Anasema anapita mashimoni anakuta watu wanakohoa ambao ana hakika ni wetu, lakini hawamo kwenye karatasi, nao wakimwona hana karatasi yenye majina yao wanamwambia hawadaiwi. Nilimwuliza majina. Akataja majina ya utani. Nikatafuta, hakuna hata mmoja. Nikamwonyesha kioo cha mashine.

Halafu nilisema neno baya. Nilisema labda orodha fupi inampunguzia mafuta ya pikipiki, ndiyo inayomuuma. Alichukua kofia yake ngumu, akatoka mvuani.

Nimechoka. Siombi radhi leo.

19 Februari, Jumatano

Watoro watatu. Masudi hanisalimii, anachukua karatasi tu.

26 Februari, Jumatano

Watatu. Abdulwahab anauliza kwa nini siandiki tena maelezo ya mashine. Nimemwambia haina shida, na isiyo na shida haina cha kuandikwa.

5 Machi, Jumatano

Mfungo wa nne wa Ramadhani. Njaa siisikii sana, kiu ndiyo, na maji yanashuka mbele ya dirisha siku nzima. Watoro wanne.

13 Machi

Naandika nikiwa nimefungua tu kwa maji na tende.

Leo mchana Masudi alikuja ofisini bila kuitwa, akakaa, jambo ambalo hajafanya tangu tugombane. Alisema Bartholomeo amezikwa juzi kwao Songwa. Nilimwuliza Bartholomeo yupi. Yule mrefu wa mashimo ya mlimani, akasema, aliyekuja mwezi wa tisa akiwa na kilo arobaini na tatu, aliyekuwa anatuchekesha kwenye foleni. Nikamkumbuka. Alikuwa na mazoea ya kuninyang'anya mhuri na kugonga kadi yake mwenyewe.

Nikasema haiwezekani, hajawahi kutokea kwenye orodha.

Niliandika jina lake kwenye mashine. Hayupo. Si kwamba ni mtoro, hayupo kabisa, kana kwamba hajawahi kukanyaga hapa. Nikaenda kwenye kabati la nakala za kadi zinazobaki zahanati, nikachambua kwa mkono mpaka nikaipata. Mara ya mwisho alichukua dawa Jumatano ya tarehe 22 Januari. Wiki saba. Kadi ilikuwa na namba ya simu. Nikaiandika kwenye mashine.

Ikafunguka kwa jina la Shija Masanja, aliyechukua dawa jana.

Masudi aliitazama namba ile akichungulia juu ya bega langu. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiyo ya Mama Aneth."

Mama Aneth ndiye anayewapikia wachimbaji wa mlimani. Jina lake Euphrasia. Masudi akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni: shimoni simu zinaibwa, zinaingia maji, zinauzwa mvua zikikaza. Mtu akiulizwa namba anatoa ya mama anayempikia, kwa sababu kwake lazima arudi kula. Kila kambi ina namba moja au mbili. Hilo kila mtu analijua.

Kila mtu. Mimi pia nalijua. Mara ngapi nimepiga namba kwenye kadi nikapokelewa na mlio wa sufuria? Nilijua kwa masikio, nikasahau nilipofungua kitabu. Kitabu kimeandikwa na mtu wa mahali ambapo kila mteja ana simu yake mfukoni, nami, niliyekisahihisha mabano kwa penseli, hapa nikakinakili kama kilivyo.

Nilirudi nyuma kwenye daftari hili mpaka tarehe 8 Desemba na nikaipata mistari ile tisa. Kila Jumatano mmoja wa kambi ya Mama Aneth akija, programu inaandika jina lake juu ya la aliyetangulia, na tarehe inakuwa mpya. Akija mmoja, wote wamekuja. Wale hamsini na mmoja niliowaita kadi zilizojirudia wengi wao walikuwa watu.

Nilitoa flashi yenye kumbukumbu za zamani, nikaomba kadi zote za karatasi, Masudi akanisomea na mimi nikaandika. Hatukwenda kufuturu mpaka tulipomaliza. Watoro wa kweli, jana, ni thelathini na moja.

Nilimwomba Masudi radhi kwa neno la mafuta. Alisema limepita. Halijapita, nililiona usoni mwake, ila alikuwa na thelathini na moja wa kutafuta.

14 Machi

Nimemwambia Sista. Aliniacha nimalize, kisha akauliza ni wangapi, kisha akauliza tena kana kwamba idadi ingepungua. Nilitarajia anifukuze, na ningeshukuru. Alitoa nakala ya ripoti yake, akaichana mara moja katikati, akaiweka mezani. Akasema niandike barua ya kusahihisha, nieleze kila kitu kwa lugha ambayo mratibu wa kifua kikuu wa wilaya ataielewa, na yeye atasaini jina lake juu ya langu.

Mwanamke huyu nilikuwa namwona mtu wa kupenda sifa. Nimemkosea naye.

17 Machi

Programu imebadilishwa. Sasa kila mgonjwa ana namba inayotolewa na mashine yenyewe, isiyo na maana yoyote, na simu ni maelezo tu kama kabila au kijiji. Kadi ikipotea, mtu halisi, si programu, ndiye anayeamua kama huyu ni yule. Ni kazi zaidi. Abdulwahab alisema kwenye simu kwamba na yeye angetumia namba ya simu. Alikusudia kunifariji.

20 Machi

Nimepanda nyuma ya pikipiki ya Masudi, na swaumu yangu. Tumeanguka mara mbili. Nimeona anavyofanya: haulizi jina, anauliza nani anakohoa usiku, kisha anakaa na wanaocheza bao mpaka mtu amwelekeze turubai. Leo tumepata wanne. Mmoja hataki kurudi. Masudi alimnyenyekea kwa Kisukuma muda mrefu kuliko ninavyoweza kusimama kwenye matope, na mwisho jamaa akasema "wabeja", yaani asante, akapanda nasi, watatu kwenye pikipiki moja.

26 Machi, Jumatano

Tumewapata kumi na tisa kati ya thelathini na moja. Watatu kati ya hao wamerudi wakikohoa makohozi yenye damu, vipimo vya usugu vimepelekwa. Kumi na mmoja hatujui walipo. Bartholomeo ni mmoja wa thelathini na moja, nimekataa kumtoa kwenye hesabu.

29 Machi

Mvua kidogo.

3 Aprili

Sikukuu imeisha, na leo nimekwenda mlimani kwa Mama Aneth. Masudi alijitolea kwenda yeye. Nilikataa.

Anapika chini ya bati, mafiga matatu, karasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, zikiunguruma nyuma yake kiasi cha kutulazimu kusema kwa sauti. Nilimwamkia, akanipa ndoo ya kukalia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yalipotea, nikasema moja kwa moja: Bartholomeo alikosa dawa wiki saba na hatukumtafuta, kwa sababu programu iliyohesabu watoro ilimwona yeye na Shija ni mtu mmoja, na programu hiyo niliiandika mimi.

Aliendelea kukoroga ugali mpaka ukashika. Kisha alinieleza. Miezi ya kwanza Bartholomeo alikosa mara mbili, na mara zote mbili Masudi alimfuata. Mwezi wa kwanza mwishoni akakosa tena kwa sababu ya mafuriko, akawa anaisikilizia pikipiki. Haikuja. Wiki ya pili haikuja. Ya tatu akawatangazia kambi nzima.

"Alisema wamemfuta kwenye daftari, basi amepona," akasema Mama Aneth. "Akatununulia soda sote. Alikuwa na furaha, mwanangu, sijamwona na furaha vile."

Nililia pale kwenye ndoo, mbele ya wateja wake, naye hakunizuia wala hakunibembeleza. Alipakua sahani tatu, akazipeleka, akarudi.

Akauliza kama nina kalamu. Nikatoa daftari hili. Akasema, andika wanaotumia simu yangu, mmoja mmoja, na usiwachanganye. Akawataja taratibu, akingoja nimalize kila jina: Shija Masanja, ambaye dawa anachukua. Bhoke anayeponda mawe, ambaye hajawahi kupimwa. Kulwa na Doto, mapacha wa Kolandoto, mmoja anakohoa na mwingine bado. Vumilia, mke wa mwenye karasha. Mzee mmoja wa Kizinza asiyetaja jina, akaniambia nimwandike kwa kovu la shavuni.

Nikauliza kama wamekwisha. Akajifuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye ndoo ya pili, mara ya kwanza tangu nifike.

"Niandike na mimi," akasema. "Nakohoa tangu mwezi wa pili."

Mkobani nilikuwa na kikopo kimoja cha makohozi. Nilimpa, nikamweleza kwamba ni asubuhi kabla ya kunywa chochote, na kwamba nitakifuata mwenyewe.